Samaki anasikia uchungu ama anaruka tu? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niliandika namna ya kuchagua ngege (tilapia, wengine wanamwita sato) mbichi sokoni, macho yaweje, mashavu yaweje, alafu katikati nikatupia kasentensi kamoja kwamba mimi samaki nikimkuta bado hai nampiga kichwani kwanza asiteseke. Kasentensi hako ndo kameleta vita. Hakuna aliyeuliza juu ya macho wala mashavu, wote mnauliza juu ya kupiga kichwani, wengine mnacheka, mmoja kaniita muzungu. Sawa. Mi si dokta wa samaki, niliuza samaki mwaloni Katosi miaka kumi na moja na sasa hivi niko na vidimbwi vitatu vya kambare huku Mukono, lakini hili jambo nimelisoma sana kwa sababu lilinisumbua mwenyewe, mtaona sababu huko chini. Twende.

Mama kutoka Busia: "Mtoto wangu wa miaka saba alinikuta napasua ngege ambaye mdomo bado unafunguka, akaniuliza mama, anasikia uchungu? Nikamwambia samaki hasikii. Sasa hataki kula samaki kabisa. Nilimdanganya?"

Dada, hukudanganya kwa makusudi, ulimpa kile ambacho sisi wote tulipewa. Mimi niliambiwa samaki damu yake ni ya baridi kwa hivo hasikii, na nikalibeba hilo mpaka nikawa mtu mzima, kana kwamba damu ndo inasikia uchungu. Lakini ndiyo, ulichomwambia wataalam wengi wa leo hawakikubali.

Tutenganishe kwanza vitu viwili maana watu wanavichanganya. Ukishika sufuria ya moto bila kitambaa, mkono unaruka kwanza, alafu uchungu unafika nyuma yake. Ni kamuda kadogo sana lakini ukiwa makini unakaona. Ule mruko haungoji ubongo, unatoka kwenye uti wa mgongo. Kwa hivo samaki kurukaruka peke yake hakutuambii kitu, inawezekana anaruka tu kama ule mkono. Kinachotakiwa kujulikana ni kama ile ya pili, ile inayouma, inamfikia.

Mwaka 2003 mtafiti anaitwa Lynne Sneddon na wenzake, kule Roslin karibu na Edinburgh, walichukua samaki wa maji baridi anaitwa trauti wakachunguza neva za usoni na kichwani kwake. Walipata sehemu 58 zinazohisi, na 22 kati ya hizo zilikuwa zile za kupokea habari ya kuumizwa, yani zinaamka ukiminya kwa nguvu ama ukichoma. Vifaa anavyo basi. Alafu wakawadunga trauti wengine sumu ya nyuki mdomoni, wengine asidi ya siki, na wengine wakawadunga maji ya chumvi tu ili wapate wa kulinganisha nao. Hawa wa sumu na siki walianza kupumua harakaharaka, wakawa wanayumba huku na huku wamelala chini ya tangi, na wengine wakasugua midomo kwenye kokoto. Hapo mi ndo nilisimama nikasoma mara mbili, maana mtoto akigonga goti hufanya nini? Anasugua. Walikaa karibu masaa matatu bila kugusa chakula, wakati wale wa maji ya chumvi walirudi kula baada ya kama saa moja na dakika ishirini.

Wakawapa mofini. Hapa Uganda mofini wengi tunaijua, ni ile dawa ya maji kwenye chupa ambayo wagonjwa wa saratani wanapewa wakae nayo nyumbani. Samaki waliopewa mofini kule kuyumba na kusugua kukapungua sana.

Na kuna jaribio lingine lilifuata baadaye, la vile visamaki vyenye mistari vya kwenye matangi, ambalo kwangu ndo lilimaliza ubishi. Waliwekewa vyumba viwili, kimoja kina mimea na mawe, kingine kitupu chenye taa kali. Wote wanapenda chenye mimea, nani hapendi. Lakini wakiumizwa kwa ile asidi, alafu kile chumba kitupu kiwekwe dawa ya ganzi ndani ya maji, wanaacha mimea wanahamia kwenye utupu na taa. Wasioumizwa hawahami. Mkono uliochomwa na sufuria hauwezi kuhama nyumba kutafuta dawa, dada, anayehama ni yule anayeumwa.

Kwa hivo mwambie mtoto ulikosea, watoto wanasamehe haraka kuliko sisi. Na siku ukileta ngege hai mwache aone kwamba umempiga kwanza kabla ya kisu. Kama bado hataki kula usimlazimishe, mpe maharage.

Mwalimu wa baiolojia, Tororo: "Samaki hana lile gamba la juu la ubongo ambalo kwa binadamu ndo linatengeneza hisia ya uchungu. Bila hilo hakuna uchungu, kuna mshtuko tu wa neva. Mbona unawapotosha watu?"

Mwalimu shikamoo. Hoja yako ni nzito na wenye nayo si watu wadogo, James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming aliiandika mwaka 2002, na Brian Key wa Australia akaja nayo tena mwaka 2016 kwa maneno makali zaidi. Ni kweli kabisa samaki hana lile gamba.

Lakini kuku pia hana gamba lililopangwa kama la kwetu. Na nakuuliza kwa heshima, umewahi kumwambia mtu kwamba kuku hasikii uchungu? Ndege wanafanya mambo makubwa ya akili kwa kutumia sehemu nyingine za ubongo zilizojengwa vingine. Ni kama kusema bila jiko la gesi hakuna chakula kinachoiva, na huku nusu ya Kampala inapikia makaa.

Pale ninapokubaliana na wewe, na hapa nakupa nusu ya haki, ni kwamba uchungu wa samaki huenda si sawa na wa kwetu. Zile neva nyembamba ambazo kwa mtu zinaleta ule uchungu wa polepole unaofukuta usiku kucha, samaki anazo chache sana, kwa trauti ni kama asilimia 4 ama 5 ya neva alizopimwa. Papa na taa (yule samaki bapa wa baharini) ndo kabisa hazijaonekana vizuri. Kwa hivo sisemi ngege anaumwa kama wewe unavyoumwa jino. Mwezi wa nne mwaka 2024 kundi kubwa la wanasayansi na wanafalsafa walitia sahihi tamko kule New York, wakasema kwa wanyama wanaonyonyesha na ndege ushahidi wa kuwa na hisia ni wa nguvu, na kwa wenye uti wa mgongo wote waliobaki, samaki wakiwemo, uwezekano ni wa kweli na haufai kupuuzwa. Wamechagua maneno kwa makini, na mi nayapenda hivohivo yalivyo. Uingereza nao sheria yao ya mwaka 2022 juu ya wanyama wenye hisia imeingiza samaki ndani, na kaa na pweza pia.

Mimi hesabu yangu ni ya sokoni tu. Kumpiga kichwani ni sekunde tano, na kama wewe ndo uko sahihi basi hizo tano ndo hasara yote.

Kijana wa Kampala: "Kama anaumwa mbona halii?"

Atalilia na nini, hana mapafu ya kusukuma hewa kooni. Na twiga je, umemsikia akilia? Lakini si wote walio bubu, ukimshika nkolongo (wa upande wa Tanzania wanamwita gogogo) utasikia anakwaruza kreee kreee, anasugua ule mwiba wa pezi la ubavuni kwenye tundu lake. Mimi nimemshika mara nyingi nikitoa kwenye nyavu, ukiminya anaongeza. Sisemi ndo kulia kwa uchungu, inaweza kuwa anakutisha umwache, lakini ile ya "samaki ni bubu" iondoe.

Huyohuyo: "Na si samaki anasahau kila kitu baada ya sekunde tatu?"

Hapana. Njoo Mukono saa kumi na moja jioni uone kambare wangu, wakisikia hatua zangu wanajaa kona ile ninayomwagia chakula, akipita mtoto wa jirani hawasogei. Na kuna samaki wadogo ndugu za nkejje wetu, wa Ziwa Tanganyika, ambao mwaka 2007 iliandikwa kwenye jarida la Nature kwamba dume akitazama wenzake wakipigana wawili wawili anajipigia hesabu, A kamshinda B, B kamshinda C, basi A ni mkubwa wa C hata kama hajawaona hao wawili wakipigana. Kuna watu wa kubeti hapo Kampala hiyo hesabu inawashinda.

Mpishi wa hoteli, Mbale: "Nikikata samaki freshi vipande alafu nikatia chumvi, vipande vinachezacheza kwenye beseni. Wateja wawili walikimbia. Bado anaumwa?"

Hapana kabisa, hapo tulia na uwatulize wateja. Kipande hakina ubongo, na bila ubongo hakuna wa kuumwa. Msuli wa samaki aliyekufa sasa hivi bado una akiba ya nguvu ndani, na chumvi ina sodiamu, ambayo ndo ileile mwili unaitumia kuamsha msuli. Ukinyunyiza unakuwa kama umebonyeza swichi, nyama inaruka mpaka akiba iishe. Tena ni dalili nzuri, inaonyesha samaki wako ni wa leo. Mwambie mteja hivo na umuongezee bei kidogo.

Mfugaji mwenzangu, Jinja: "Sisi kambare tunamwagia chumvi ama majivu kwenye ndoo tunafunika, anajipiga mwenyewe mpaka anakufa na ute wote unatoka, unamuosha mara moja tu. Kuna ubaya gani?"

Ssebo, hili ndo swali nililokuwa naliogopa, kwa sababu mimi nilifanya hivohivo miaka mingi.

Ndoo ya lita ishirini, kambare wanne, vikombe viwili vya chumvi ya kawaida, alafu kifuniko na jiwe juu. Ile sauti unaijua. Inaanza kama mvua kubwa kwenye mabati, ndoo inatembea chini yenyewe, alafu inapungua, inakuwa pigo moja moja, unafikiri imeisha, alafu pigo moja tena. Siku moja nilikuwa na mteja amekaa kwenye benchi anangoja, mama mmoja mnene mpole, tukawa tunaongea bei ya mahindi, na ndoo inapiga. Tuliongea mpaka tukamaliza mahindi tukaingia kwenye karo za shule, na ndoo bado. Yule mama akaniambia tu taratibu, "Huyu mbona hafi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa na hilo swali wiki nzima, ndo nikaanza kusoma.

Hafi kwa sababu ni kambare. Ngege ukimtoa majini mashavu yake yanagandana anakosa hewa. Kambare ana kitu cha ziada ndani ya kichwa juu ya mashavu, kanafanana na koliflawa kadogo kekundu, ukipasua kichwa utakaona, hako kanavuta hewa ya kawaida hii yetu. Ndo maana anaweza kutambaa kwenye matope usiku kutoka kidimbwi kimoja mpaka kingine. Kwa hivo ile ndoo haimnyimi pumzi haraka hata kidogo.

La pili lilinishtua zaidi. Kambare hana magamba, ngozi iko wazi, na ngozi yake imejaa vionjo vya ladha mwili mzima mpaka mkiani, siyo mdomoni peke yake. Yani kambare wote ni ulimi. Sasa fikiria chumvi vikombe viwili juu ya ulimi, na majivu ndo usiseme.

Na barafu mnayodhani ni ya huruma nayo angalieni. Barafu inamfanya aache kuruka kabla hajapoteza fahamu, wewe unaona kimya unafikiri kaenda, kumbe baridi imemfunga mwili tu na kila kitu kinakwenda polepole, kufa pia. Kuhusu kumuacha hewani afe mwenyewe, utafiti uliotoka mwaka 2025 kwenye jarida la Scientific Reports ulikadiria kwamba trauti anayeachwa hivo anapitia kama dakika 10 za uchungu wa kati mpaka mkali, na inaweza kuwa kuanzia 2 mpaka 22. Huyo ni trauti, asiye na kale kakoliflawa.

Nafanyaje sasa? Niko na mpini wa jembe uliovunjika, nimeukata urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Kambare namshika na gunia lililolowa maana mikono mitupu anateleza na ile miba ya ubavuni itakutoboa, namlaza kwenye ubao, napiga mara moja kwa nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Kwa nguvu kwelikweli, fuvu lake ni gumu kama kigae, ukipiga kwa kuonea huruma unamuumiza tu bila kumaliza. Ngege ni rahisi zaidi. Alafu hapohapo nakata mashavu damu itoke.

Namna ya kujua ameenda: mashavu yameacha kufunguka kwa mpangilio, na angalia jicho. Samaki mwenye fahamu ukimgeuza ubavu jicho linajizungusha kutafuta usawa, kama pima maji ya fundi. Aliyeondoka jicho linabaki limeganda kichwani, linageuka pamoja na mwili. Mara ya kwanza kuliona hilo jicho likitafuta usawa nilishangaa, nimeua samaki maelfu na sikuwahi kuliangalia.

Na kama huruma haikuvuti ngoja nikuvute na pesa. Samaki anayehangaika anachoma akiba yote ya nguvu kwenye nyama, asidi inajaa, anakakamaa mapema na kulegea mapema, nyama inakuwa laini kama imelala siku mbili. Aliyepigwa mara moja anakaa mgumu muda mrefu zaidi. Wajapani wana ufundi wao wa kumtoboa samaki ubongo kwa chuma na kumtoa damu, na samaki huyo wanamuuza ghali. Ute wa kambare? Chumvi mwagia ukishamuua, unatoka vilevile.

Msomaji wa Arua: "Sisi Waislamu samaki hachinjwi, hata akifa mwenyewe ni halali. Si hiyo ni alama kwamba Mungu hakumpa uchungu?"

Muulize shekhe wako, mi nitasema kidogo tu. Ninavyoelewa, ile hukumu inazungumza juu ya kuliwa, kwamba samaki na nzige ni halali hata wakiwa wamekufa. Haizungumzi juu ya kuumwa. Na kuna mafundisho mengine ya Mtume yanayojulikana sana, kwamba mnapochinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampe mnyama wake nafuu. Kwamba samaki hachinjwi haina maana tusiharakishe kifo chake. Jirani yangu mmoja hapa ni Mwislamu wa kuswali sala tano na mpini wa jembe aliniazima yeye.

Mvuvi, Kiyindi: "Mimi natega sangara kwa ndoano, kamba moja ina ndoano mia kadhaa, chambo ni nkejje na kambare wadogo walio hai. Wewe unatuambia tufe njaa?"

Hapana mzee wangu, na sitakudanganya kwamba kipande cha nyama kinavuta sangara kama kilicho hai, ningekuwa mwongo na wewe ungejua papo hapo. Sangara anafuata kinachotikisika, na wewe una mafuta ya injini ya kulipa.

Nitasema mawili tu. Chambo usimchome ndoano asubuhi kama unatega jioni, mwache kwenye maji yake mpaka dakika ya mwisho, tena anakuwa na nguvu zaidi ya kutikisika, hiyo ni faida yako. Na sangara akishaingia kwenye boti mpige kichwani hapohapo badala ya kumwacha ajigonge kwenye mbao, anajichubua na kujitia michubuko ya damu ambayo mnunuzi anaiona na kukukata bei. Bondo (kile kifuko chake cha hewa) halidhuriki, liko tumboni na wewe unapiga kichwani. Wale wanajeshi waliopelekwa ziwani mwaka 2017 walikuwa wanapima urefu, sangara chini ya sentimita 50 ulikuwa matatani, hakuna aliyekuuliza alikufa vipi. Hilo ni lako.

Mtu wa ukoo wa Mmamba, Mukono hapahapa jirani: "Na mamba wetu (samaki kamongo, si yule mamba wa meno) je? Si anakaa kwenye matope miezi bila maji, huyo si chuma?"

Nyinyi hamli mamba, ndo mwiko wa ukoo wenu, kwa hivo mikono yenu ni safi, mnatuuliza sisi tunaokula! Mamba ana mapafu ya kweli, hata majini lazima apande juu kuvuta hewa, ukimzuia anakufa maji, samaki kufa maji, ndo huyo. Ziwa likikauka anajichimbia matopeni anajifunga kwenye kagamba ka ute wake analala mpaka mvua. Lakini uvumilivu si kutosikia. Na nikupe kitu cha kuwaambia wazee wa ukoo: kwa nasaba mamba yuko karibu na sisi wenye miguu kuliko alivyo karibu na ngege. Ukimweka ngege, mamba na mtu kwenye mstari wa undugu, mamba anakaa upande wa mtu. Wazee walimheshimu bila maabara.

Dada wa Entebbe: "Na wewe unayejua yote haya bado unakula samaki?"

Jana usiku. Ngege wa kukaanga, mchuzi wa karanga pembeni, matooke. Mkia nilimpa paka.

Mwanafunzi, Masaka: "Sawa tumesikia mpini wa jembe. Na mukene? Utapiga mmoja mmoja?"

Umenikamata. Mukene (dagaa, omena, kila mtu na jina lake) anavuliwa usiku kwa taa, nyavu inapanda boti inajaa, wanakufa kwa kukosa hewa na kwa kulaliana, asubuhi wanamwagwa mchangani wakauke. Kikombe kimoja kile cha bati cha kupimia sokoni kina mamia ya vichwa. Na siku hizi ndo wengi kuliko sangara na ngege kwa kilo zinazotoka ziwani, na ndo chakula cha mtu ambaye ngege hawezi kumnunua, kwa hivo mtu asiniambie tuache mukene, watoto wa wengi ndo protini yao hiyo.

Kwa udogo wao wanakufa haraka kuliko kambare, hilo naweza kusema. Zaidi ya hapo mpini wangu haufiki. Yule mtoto wa Busia akiniuliza hili nitakwama, na najua ataliuliza, wa miaka saba hawaachi kitu. Nsenene (senene, wale panzi tunaokula) mlioniuliza watatu, kwamba tunawanyofoa mabawa na miguu wakiwa hai, tuachie mwezi wa kumi na moja msimu ukifika, sasa hivi mtaniharibia hamu mapema.